Ukitaka watu wa chama au ofisi wabadilike, acha semina kwanza, kakae kwenye gunia uangalie

Msimu mmoja wa korosho, mwezi wa kumi na moja, nilikaa juu ya gunia kwenye ghala la chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima huku kwetu Mtwara (jina sitaji, tunaishi nao) nikaangalia kazi inavyokwenda toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Niliitwa kwa sababu kila malipo yakitoka lazima kuwe na ugomvi, mkulima anasema nimeleta kilo hizi, daftari linasema zile, uongozi wameshafanya semina mara mbili, barua za onyo zimetoka, na jibu walilokuwa nalo mkononi ni kwamba makarani wazembe.

Sasa nimekaa pale, mama mmoja kashusha gunia zake tatu kwenye pikipiki, karani kapima, kasoma mizani kwa sauti, afu kaandika kilo kwenye kipande cha boksi la sabuni. Nikamuuliza, dada, kwani daftari liko wapi?

"Ofisini kaka, ufunguo anao katibu, na katibu kaenda Masasi."

Ofisi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nikazihesabu hatua, 43, kwenye mchanga wa moto, na hapo ni siku ambayo katibu yupo. Kwa hiyo kila mkulima mmoja ni kwenda na kurudi huku foleni inapiga kelele na bodaboda wanataka hela yao. Jioni ndo yule dada anahamisha vipande vya boksi kwenye daftari, 7 inasomeka 1, na kijiji chenyewe kina akina Saidi Bakari watatu. We mpe semina ya wiki nzima kuhusu uadilifu na utunzaji kumbukumbu, akirudi ghalani hatua 43 ziko palepale.

Tulichofanya ni kuhamisha daftari likakaa kwenye meza ya mizani, likafungwa kwa kamba ya katani na kalamu yake ikafungwa, katibu akabaki na kazi ya kulikusanya jioni na kulifungia. Hiyo ndo sayansi ya tabia kwa lugha ya ghalani. Kuna wasomi wamepewa Nobel kwa mambo haya, Daniel Kahneman 2002, Richard Thaler 2017, na wanachosema kwa ufupi ni kwamba binadamu haamui kwa kukaa chini apige hesabu kila saa, anafuata njia iliyo rahisi mbele yake, anaogopa kupoteza kuliko anavyopenda kupata, anaangalia wenzie wanafanya nini, na leo kwake ina uzito kuliko mwezi wa tano. Sasa kama una chama, kikoba, zahanati, shule, duka lenye vijana watano, yani popote ambapo watu hawafanyi kile mlichokubaliana, nakueleza namna ya kwenda nacho.

Kwanza kabisa, taja tendo moja

Usiseme "tunataka wafanyakazi wawajibike". Kuwajibika hakuonekani. Sema nani, afanye nini, saa ngapi, wapi. "Karani aandike kilo kwenye daftari kabla gunia halijatoka kwenye mizani", hilo mtu yoyote anaweza kusimama pale akaona limefanyika au halijafanyika. Ukishindwa kulisema hivo ujue bado hujajua unataka nini, rudi ukakae kwenye gunia.

Na ukikaa kuangalia usiende na mwenyekiti. Akiwepo kila mtu anafanya sawasawa, hata boksi la sabuni hulioni. Nenda mara mbili, siku ya foleni na siku ya kawaida, na uliza swali la "inakuwaje", sio "kwa nini hufanyi". Ukiuliza kwa nini mtu anatafuta kujitetea, ukiuliza inakuwaje anakuelekeza mpaka aliposhindwa.

Jifunze kwa kangomba

Najua nitasemwa, ila nasema. Kangomba, yani kununua korosho ya mkulima kichochoroni kwa bei ya chini, nje ya chama, imepigwa vita miaka na miaka huku Mtwara na Lindi, imekatazwa, matangazo, operesheni, na bado kila mwaka kuna mtu anauza korosho ikiwa bado ua mtini. Tunasema wakulima hawana elimu. Sasa hebu mwangalie mnunuzi wa kangomba anavyofanya kazi. Anakuja mpaka nyumbani kwako, haji na fomu, hataki picha mbili wala barua ya mtendaji, anakuja mwezi ambao mtoto anatakiwa ada na ndani hamna kitu, anakupa hela mkononi saa hiyohiyo, na anakujua jina na anakusalimia mama yako. Kukuumiza atakuumiza, lakini miezi mitano baadae.

Sasa linganisha na mkopo wa halali au huduma ya chama chako. Njoo Jumanne, mhasibu hayupo, njoo Alhamisi, fomu zimeisha, katoe kopi stendi. Mimi huwa naambia viongozi, kaeni chini muandike hatua zote anazopita mwanachama kupata huduma yenu, pembeni muandike hatua za kangomba, muone nani anamjali mkulima kwa vitendo. Kila hatua mnayoweza kufuta, futeni. Isiyofutika isogezeni karibu. Thaler anasema ukitaka watu wafanye kitu kifanye kiwe rahisi, na mimi naongeza, usipokifanya rahisi wewe kuna mwingine atawafanyia rahisi cha kwake.

Muda ndo nusu ya kazi

Hapa naomba tukae kidogo. Mkulima wa korosho ana hela mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili, labda wa kwanza. Kazi inayotaka hela ni mwezi wa tano mpaka wa nane, palizi, kupuliza salfa kuzuia ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mkorosho), na hata salfa ikija ya ruzuku bado mafuta ya mashine ya kupulizia na kibarua ni vya mfukoni. Sasa chama kinafanya mkutano wa kuhamasisha pembejeo lini? Mwezi wa tano, mfuko uko mkavu, watu wanaitikia vizuri sana na hakuna anayenunua.

Kule Busia, magharibi mwa Kenya, akina Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilijaribu hili kwa mbolea ya mahindi, matokeo yakatoka kwenye jarida 2011. Walimfuata mkulima mara tu baada ya mavuno, hela bado ipo, wakamwambia lipia mbolea yako sasa hivi, ukiihitaji tutakuletea bure. Punguzo lenyewe dogo tu, usafiri. Matumizi ya mbolea yakapanda karibu sawa na wale waliopewa punguzo la nusu bei lakini mwishoni, wakati wa kupandia. Yani kumuwahi mtu akiwa na hela kulifanya kazi ya ruzuku ya nusu bei, na hakuna aliyehubiriwa.

Kwa hiyo ukiwa na chama, weka meza ya pembejeo siku ya malipo ya mnada, sio mwezi wa tano. Kocha wa timu ya mtaani anajua kukusanya mchango wa jezi siku ya mshahara, sisi viongozi wa vyama tunasubiri ukame. Ofisini ni vilevile, usilete utaratibu mpya katikati ya msimu watu wamelemewa, lete mwezi wa pili au wa tatu, au siku anayoanza mfanyakazi mpya, au mkihamia jengo jipya, maana hapo mazoea yameshakatika yenyewe.

Kuhusu makato, soma polepole

Kuna kitu wataalamu wanakipenda sana, kwamba usimwombe mtu ajiunge, muweke ndani tayari afu mpe uhuru wa kutoka. Kampuni moja ya Marekani ilifanya hivyo kwenye akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, Brigitte Madrian na Dennis Shea wakaichunguza, 2001 wakaonyesha waliojiunga walitoka asilimia 49 mpaka 86, mfuko uleule, kilichobadilika ni fomu tu. Watu hawakuwa wamekataa akiba, walikuwa hawajafika kwenye fomu.

Inafanya kazi, kikoba chetu cha ofisini kinafanya hivo, mgeni akiajiriwa anakuta ameshawekewa hisa moja kwa mwezi na akitaka kutoka anatuma meseji moja kwa mweka hazina, basi. Lakini huku kwetu neno makato lina kidonda. Mkulima anaona kwenye karatasi ya malipo kuna makato ya hiki na kile, mengine haelewi yamepitishwa wapi, na akitaka kuuliza anazungushwa. Huko sio kumsaidia mtu kuamua, ni kumwamulia. Kipimo changu ni kimoja, kutoka kuwe rahisi kama kuingia, na jambo lenyewe lipite mkutano mkuu watu wakiwa wamekaa, sio saa saba mchana wameshaanza kuondoka. Kama unaona aibu kumweleza mkulima usoni umefanya nini na kwa nini, usifanye.

Faini na majina ya wadaiwa

Karibu kila kikoba kina faini ya kuchelewa, na karibu kila kikoba watu wanachelewa. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walikwenda kwenye shule za chekechea 10 mjini Haifa, Israeli, wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, baadhi ya shule zikaweka faini. Wanaochelewa wakaongezeka! Na faini ilipoondolewa hawakurudi walivyokuwa. Maana zamani kuchelewa ilikuwa ni kumkosea mwalimu, sasa imekuwa ni kununua huduma. "Nachelewa, nalipa." Umeshasikia mtu anasema hivo kwenye kikao, mia tano yake iko mkononi na anacheka.

Na ile karatasi ya WADAIWA SUGU ukutani. Wewe unaona unawaaibisha, msomaji anaona majina 30, anajiambia kumbe tuko wengi. Robert Cialdini na wenzie walionyesha kitu kama hiki kwenye hifadhi ya Arizona, Marekani, yenye magogo ya kale yaliyogeuka mawe, bango lililolalamika kwamba wageni wengi wamekuwa wakiiba vipande likafanya wizi uzidi. Ukitangaza kwamba wengi wanakosea, umetangaza kwamba kukosea ndo kawaida. Bandika waliolipa. Kama waliolipa ni wengi sema ni wangapi, kama ni wachache nyamaza kuhusu idadi, sema wameongezeka wangapi toka mwezi jana, na lazima iwe kweli, ukidanganya mara moja kijiji kizima kinajua kabla ya magharibi.

Mpe ruhusa anayeumia aseme

Hili nalipenda kuliko yote. Kenya, James Habyarimana na William Jack waliweka stika ndani ya matatu za safari ndefu, stika zinawaambia abiria, dereva akikimbiza gari msikae kimya, semeni. Madai ya bima ya ajali kwenye magari yale yakapungua nusu mpaka theluthi mbili, na stika bei yake unaijua. Abiria siku zote wanaogopa, walichokuwa hawana ni ruhusa.

Ghalani tukaiga. Juu ya mizani tukaandika kwa rangi, herufi kubwa: MKULIMA, HAKIKISHA MZANI UPO SIFURI KABLA YA KUWEKA GUNIA. Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu, wanasoma wanatabasamu. Siku ya pili bibi mmoja ambaye kusoma hajui kamuuliza mjukuu wake pale imeandikwaje, mjukuu kamsomea, bibi kasimama mbele ya karani, "Haya mwanangu, nionyeshe hiyo sifuri." Foleni nzima ikacheka, na kuanzia hapo kila mtu anaomba sifuri yake. Karani wala hakukasirika, maana imeandikwa, sio bibi anamshuku yeye.

Orodha fupi ukutani

Hapa sitakaa sana. Mwaka 2009 lilitoka jaribio la orodha ya kukagua kabla ya upasuaji, ya Shirika la Afya Duniani, hospitali 8 kwenye miji 8, na mmojawapo ni Ifakara, hapahapa Tanzania, pamoja na London, Toronto, Manila na mingine. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Madaktari hawakufundishwa upasuaji mpya, waliambiwa tu wasimame, wataje majina, wasome vitu kwa sauti. Sasa kama daktari bingwa anasahau, wewe mtunza ghala nani kakwambia unakumbuka? Mambo matano mpaka saba, ya kusomwa kwa sauti na watu wawili kabla ya kufungua: mizani sifuri, daftari lipo, magunia yamehesabiwa, paa halivuji, ufunguo wa akiba kwa nani. Yakizidi kumi watu wanaweka tiki bila kuangalia.

Vikao, sasa

Vikao vyetu vinaharibiwa na heshima, na heshima ni kitu kizuri ndo maana ni kazi kuitibu. Mwenyekiti anafungua, anatoa mawazo yake, anaulizwa mzee wa pili, anasema mwenyekiti kamaliza yote, wengine wanaunga mkono hoja, soda zinaletwa. Hamjaamua, mmeitikia. Fanyeni hivi: kabla ya mtu kuongea kila mjumbe apewe kikaratasi aandike namba yake au ndio au hapana, bila jina, vikusanywe vikasomwe. Afu mazungumzo yaanzie kwa mdogo kwa umri au cheo, mwenyekiti awe wa mwisho. Mzee mmoja wa bodi niliona anakwazika mwanzo, nikamfata pembeni nikamwambia, mzee wangu, mfalme hutoa hukumu baada ya kusikia, sio kabla. Akalibeba, msimu uliofuata analieleza yeye.

La pili ni kuuliza maiti kabla ya kifo. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, alilipendekeza: mradi haujaanza, unawaambia wajumbe, jamani fikirieni ni mwaka kesho kutwa, mradi umekufa kabisa, kila mtu aandike umekufa kwa nini. Ukiuliza "kuna tatizo?" hakuna anayetaka kuwa mchawi wa kikao, ila ukishasema umekufa kila mtu anakuwa daktari.

Na sisi wa kusini tusihitaji mfano wa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ukiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Kongwa udongo ukikauka unakuwa kama saruji na mvua zake hazina uhakika, mtu yoyote wa pale angewaambia, lakini kila mwaka ukiharibika wanasema tumeshatumia hela nyingi tusiishie hapa. Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuachana na mpango ule, hasara kama pauni milioni 36. Reli ikang'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Bandari imebaki, na leo inapakia korosho. Kwa hiyo kwenye kikao mtu akisema "tumeshatumia milioni nane kwenye hili jengo", mwenyekiti aulize swali hili tu: kama leo ndo tungekuwa tunaanza, na hizo nane hazipo, tungeweka hela hapa? Mkijibu hapana, acheni leo. Na ili isiwe ugomvi, andikeni mapema kabisa siku mnayoanza, ikifika mwezi fulani hatujaona kitu fulani tunasimama. Mkiandika baadae kila mtu analinda sura yake.

Jaribu kidogo, hesabu, afu ndo ueneze

Usibadilishe maghala yote sita siku moja. Chukua mawili, mengine acha kama yalivyo, na hesabu kitu kilekile kote kabla na baada, mfano malalamiko ya kilo kwa kila malipo. Bila yale mengine ya kulinganishia utajisifu bure, labda msimu wenyewe ulikuwa mwepesi. Na usichague mawili yenye makarani hodari, piga kura ya vikaratasi.

Mengine yatagoma. Lile daftari letu la mezani lilifanya kazi vizuri, kalamu ndo ilituletea shida, wiki ya kwanza zimekatwa kamba zimeondoka nne, tukafikiria kuweka mlinzi, tukafikiria faini (ndio, mimi mwenyewe niliyeandika hapo juu). Mwisho yule dada karani akaleta penseli fupi ya kwake, kaifunga kwa uzi wa kushonea magunia, fupi kiasi kwamba haifai mfukoni kwa mtu. Mpaka naondoka ilikuwa bado ipo.